Usisaini kabla hujajua nani anasoma slaidi

Mleta mada, simama hapo hapo. Usisaini hiyo Ijumaa. Umesema una nafasi mbili za ubingwa bobezi wa upasuaji wa saratani ya ngozi na urembo, na unaelekea kwenye ile yenye leza sita na "kesi zaidi ya elfu moja kwa mwaka", kwa kuwa kwenye ile nyingine "wanakaa sana kwenye hadubini". Nimeirudia sentensi hiyo mara tatu. Ni mimi kabisa, miaka sita iliyopita.

Kwa wasioijua kazi yenyewe: kwenye upasuaji wa Mohs, njia ya kuondoa saratani ya ngozi, unakata tabaka jembamba kisu kikiwa kimelazwa, nyama inatoka na umbo la kisahani. Inatiwa wino, inachorewa ramani, inagandishwa, inalazwa bapa na kukatwa ili ukingo wote na kitako chote vionekane kwenye slaidi, kile kioo kinachowekwa chini ya hadubini. Mgonjwa yuko chumba cha pili na bandeji yake, anasubiri. Ukiona mzizi wa saratani, unarudi kukata pale ulipobaki tu. Ndiyo maana saratani ya seli za msingi, aina mojawapo ya saratani ya ngozi, inayotibiwa kwa mara ya kwanza hupona hadi asilimia 99. Frederic Mohs, aliyeianzisha njia hii Wisconsin miaka ya 1930, alikuwa daktari mpasuaji na slaidi alisoma mwenyewe. Aliyekata ndiye anayesoma. Ukitenganisha hayo mawili, unafanya kitu kingine.

Mimi yalitenganishwa mwaka mzima. Nilichoma ganzi, nikakata, nikashona. Slaidi zilikwenda chumba cha mwisho wa korido, mkuu wa programu akazisoma peke yake, akarudi na ramani imepakwa rangi nyekundu: "Ongeza hapa." Au: "Safi, funga." Nikafunga. Daftari langu la kesi likajaa mpaka nikaona fahari. Nilipomuuliza nitakaa lini hadubinini, akaniambia, "Macho yatazoea tu, wewe kimbiza mkono." Alijua anachosema si kweli. Alihitaji mtu wa kumshonea wagonjwa na akamwita mwanafunzi. Sijamsamehe, na sitajifanya nimemsamehe.

Mwezi wa tatu nikiwa najitegemea alikuja mzee mwenye uvimbe kwenye bawa la pua. Awamu ya pili ya kukata naangalia slaidi: hakuna kundi la seli za bluu, yaani saratani, popote. Ila upande mmoja, kwa kipande kifupi, ngozi ya juu haikuwepo. Ukingo ulikuwa umekunjamana wakati wa kugandishwa, kama pindo la nguo lililofumuka, na kisu cha mashine kikaupita. Niliona pengo. Sikujua kwamba pengo ni jibu. Nikasoma "safi", nikahamisha ngozi ya jirani kuziba tundu, nikashona mshono mzuri ambao hata leo naukumbuka.

Miezi 14 baadaye mzee akarudi na kinundu chini ya kovu. Saratani ilikuwa imetambaa chini ya ngozi ile ile niliyoifunikia, hadi kwenye gegedu. Akanishika kiganja akaniuliza, "Daktari, si uliniambia imekwisha?" Alipoteza bawa lote la pua. Walimtengenezea jingine kwa ngozi ya paji la uso na gegedu la sikio, wiki kadhaa akitembea na ngozi inaning'inia katikati ya macho. Alikuwa ameniamini.

Baada ya hapo niliacha kupasua saratani kwa miezi saba, nikakaa kando ya mtaalamu wa patholojia kama mtoto anayefundishwa kusoma. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba kabla ya kutafuta saratani unauliza kwanza: ukingo wote upo? Haupo, slaidi hairuhusiwi kuitwa safi, unairudisha maabara wakate tena. Na kwamba kinyweleo kilichokatwa mshazari kinafanana mno na saratani ya seli za msingi, kiasi kwamba asiyejua atamkata mtu pua bure. Mambo haya huwezi kuyajua kwa kusimuliwa. Ni slaidi mamia kwa mamia, mwalimu pembeni, wewe unatamka jibu kabla yake.

Leza na fila, zile sindano za urembo za kujaza ngozi? Za kujifunza ni hatari zake: ngozi ikibadilika rangi ghafla ukichoma fila, mshipa umeziba, hialuronidesi, dawa ya kuyeyusha fila, inaingia wakati ule ule. Vingine utavipata kwenye kozi fupi. Hadubini hakuna kozi fupi itakayokupa.

Kwa hiyo fanya hivi. Usimuulize mkuu wa programu, muulize mwanafunzi aliyepo sasa, mkiwa wawili: "Jana slaidi ya kwanza ya asubuhi aliisoma nani, na jibu alilitamka nani kwanza?" Akisita, umeshajibiwa. Kisha omba kukaa kiti cha pili cha hadubini siku nzima. Wakikuonyesha vyumba vya leza wakaruka maabara, ondoka. Na ile wanayokaa sana kwenye hadubini, wapigie leo kabla nafasi haijaenda kwa mwingine.

Ukishaongea nao, andika hapa walivyokujibu. Nitakuwa naufungua uzi huu mpaka Ijumaa.