Torenti, sahihi na bando: maswali yenu kuhusu programu za Bitcoin

Barua nyingi za mwezi huu zinahusu programu za sarafu za kidijitali zinazopitishwa mkono kwa mkono: kwa torenti, kwa flashi, kwa simu hadi simu. Tumechagua tano.

SWALI: Nina kibanda cha kutengeneza simu na kompyuta. Katika kundi letu la WhatsApp mtu alituma kiungo cha torenti ya Bitcoin Core, programu ya kuendesha mtandao wa Bitcoin. Nimeipakua, na programu yangu ya torenti, qBittorrent, inaonyesha asilimia 100 na kwamba vipande vyote vimekaguliwa. Mteja ananisubiri nimwekee. Je, ukaguzi huo hautoshi?
Fundi, Mbarara

JIBU: Hautoshi, ndugu fundi. Mwambie mteja asubiri nusu saa zaidi.

Torenti, yaani njia ya watu kugawiana faili wao kwa wao, hukata faili vipande vipande, na kila kipande kina heshi yake, yaani namba ndefu inayokokotolewa kutokana na kilichomo. Ukigusa hata herufi moja, namba yote inageuka. Kipande kinapofika kutoka kwa mtu usiyemjua, qBittorrent hukokotoa heshi yake na kuilinganisha na ile iliyoandikwa ndani ya torenti. Zisipolingana, kipande hutupwa na kuombwa kwa mwingine. Kwa hiyo asilimia 100 inakuambia jambo moja tu: umepata kile ambacho kiungo kilikiagiza. Kama aliyetengeneza kiungo alitia humo programu ya kuiba funguo za pochi, basi umeletewa programu ya wizi ikiwa nzima, haina hata doa. Isitoshe, torenti za toleo la kwanza zinategemea SHA-1, aina ya zamani ya heshi, na mwaka 2017 watafiti wa Google na wa taasisi ya CWI ya Uholanzi walitoa mafaili mawili tofauti yenye heshi moja ya aina hiyo.

Unachohitaji ni ushahidi kutoka kwa waliojenga programu yenyewe. Nenda kwenye tovuti ya bitcoincore.org, andika anwani kwa mkono wako, uchukue mafaili mawili ya toleo lile lile ulilonalo: SHA256SUMS, yenye orodha ya heshi, na SHA256SUMS.asc, yenye sahihi za kidijitali za wajenzi. Ni madogo sana, hayali bando. Yaweke folda moja na programu uliyopakua. Kwenye Windows fungua Command Prompt ndani ya folda hiyo uandike:

certutil -hashfile bitcoin-28.0-win64-setup.exe SHA256

Utapata mstari wa herufi na tarakimu 64. Unakili, fungua SHA256SUMS kwa Notepad, bonyeza Ctrl+F, ubandike. Ukipatikana kwenye mstari wenye jina la faili lako, vizuri. Usilinganishe kwa macho alama nne za mwanzo na nne za mwisho, kama wengi wanavyofanya. Alama nane zina michanganyiko bilioni 4.3 hivi, na mtu mwenye nia mbaya anaweza kuiacha kompyuta yake ihangaike mpaka ipate faili bovu lenye alama nane zinazofanana na zako. Alama zote 64 hataziweza.

Kwenye Linux ni amri moja: sha256sum --ignore-missing --check SHA256SUMS. Ikijibu OK, endelea.

Sasa bado hujajua kama hiyo SHA256SUMS yenyewe ni ya kweli, na hapa ndipo mafundi wengi huishia njiani. Weka Gpg4win, programu ya kukagua sahihi, kisha chukua funguo za wazi za wajenzi, zinazotumika kukagua sahihi zao, kwenye hazina ya guix.sigs ya mradi wa bitcoin-core huko GitHub, folda builder-keys. Ziingize kwa gpg --import, halafu andika:

gpg --verify SHA256SUMS.asc SHA256SUMS

Itatoa mistari mingi, kwa sababu tangu toleo 22.0 la mwaka 2021 kila toleo husainiwa na wajenzi kadhaa. Kila mmoja amejenga programu kwenye kompyuta yake kutoka msimbo ule ule, akapata faili lile lile biti kwa biti, ndipo akatia sahihi. Ukiona Good signature, sahihi ya mtu huyo imekubali. No public key maana yake huna ufunguo wake, si kosa la faili. BAD signature ni ishara ya kufuta kila kitu na kuanza upya. Kisha kuna onyo linalowatisha watu bure, linalosema ufunguo haujathibitishwa na sahihi unayoiamini: hilo linakuambia tu kwamba wewe mwenyewe hujauidhinisha ufunguo huo kwenye kompyuta yako. Sisi tunataka angalau sahihi tatu zilizokubali, na alama za utambulisho (fingerprint) za funguo hizo tuwe tumeziona mahali pengine pia, si kwenye hazina hiyo peke yake.

Usiseme kazi hii ni ya nini iwapo faili limetoka tovuti rasmi. Machi 2016, Transmission 2.90 ya kompyuta za Mac, ambayo yenyewe ni programu ya torenti, ilitolewa kwenye tovuti yake rasmi ikiwa na KeRanger, programu inayofunga mafaili na kudai fidia. Novemba 2019 tovuti ya Monero, sarafu nyingine ya kidijitali, nayo iligawa programu zilizochezewa, na aliyeshtuka ni mtumiaji aliyelinganisha heshi akaona hazilingani. Ukishakagua namna hii, haijalishi tena faili limekufikiaje: torenti, flashi ya jirani au diski iliyokuja kwa basi kutoka Kampala.

SWALI: Mimi natumia simu tu. Rafiki yangu alinirushia pochi ya Bitcoin kwa Xender, ikakataa kuingia juu ya ile ya zamani, imeandika kwamba programu haikuwekwa. Ameniambia nifute ya zamani kwanza. Nifanyeje?
Msomaji, Arua

JIBU: Usifute! Android hukubali toleo jipya lichukue nafasi ya la zamani pale tu yote mawili yanapokuwa yamesainiwa kwa ufunguo mmoja. Simu inaweza kukataa kwa sababu nyingine pia, kwa mfano nafasi imejaa, au toleo ulilorushiwa ni la zamani kuliko ulilonalo. Lakini sababu ya kuogopa ni sahihi kuwa tofauti, na ikiwa ndiyo hiyo, simu yako imekukinga. Ukifuta ya zamani unapoteza mawili kwa mpigo: pochi inaondoka na funguo zake, na kizuizi kilichokuwa kikiizuia programu ya kigeni kinaondoka nayo.

Toa kwanza maneno yako 12 au 24 ya kurejesha pochi, uyaandike kwenye karatasi, kisha pakua toleo jipya kutoka dukani ulikoichukua ile ya kwanza. Na ujumbe unaotokea ndani ya pochi ukikutaka upakue toleo jipya kwenye kiungo fulani, usiufuate. Desemba 2018 watumiaji wa pochi ya Electrum waliibiwa hivyo hivyo: seva za wezi ziliwatumia ujumbe wa kusasisha, wakapakua pochi bandia kwa mikono yao.

SWALI: Klabu yetu ina kompyuta 20 na laini moja ya intaneti ya Mbps 10. Tunataka kila mashine iwe nodi kamili ya Bitcoin, yaani ikague miamala yote yenyewe. Je, tusambaze mnyororo wa bloku, lile daftari la miamala yote, kwa torenti?
Wanafunzi, Wandegeya, Kampala

JIBU: Programu yenyewe isambazeni kwa torenti mkitaka, ila mnyororo msiutie kwenye torenti. Zamani ilikuwepo torenti ya bootstrap.dat iliyobeba bloku zote, lakini toleo 0.10 la mwaka 2015 lilibadilisha namna nodi zinavyovuta bloku, zikaanza na vichwa (muhtasari mfupi wa kila bloku) kisha kuvuta bloku zenyewe kutoka kwa wengi kwa pamoja, na torenti hiyo ikakosa faida. Bitcoin yenyewe ni mtandao wa mtu kwa mtu. Utumieni huo huo ndani ya chumba chenu.

Mnyororo umepita gigabaiti 600. Kwa Mbps 10 ni siku tano na nusu hivi bila kukatika, kwa mashine moja. Kwa 20 mngemaliza zaidi ya miezi mitatu. Kwa hiyo mashine moja tu ndiyo ivute kutoka nje. Ipeni SSD ya terabaiti 1, msiiwekee prune (kufuta bloku za zamani) wala maxuploadtarget (kikomo cha kupakia), mwiachie IP isiyobadilika, tuseme 192.168.0.10, na kwenye ngome ya Windows fungueni mlango (port) 8333. Subirini imalize kabisa, maana nodi ambayo bado inajivuta haiwapi wenzake vichwa vya bloku, na mtadhani waya ndio mbovu.

Ikimaliza, kwenye faili la mipangilio, bitcoin.conf, la hizo 19 andikeni connect=192.168.0.10. Zitavuta kila kitu kwenye waya wa chumbani, bila kugusa laini ya nje, na kila moja itakagua bloku zote yenyewe. Hazimwamini mwenzao kwa lolote. Mashine zenye diski ndogo ziongezewe prune=550, zitabaki na megabaiti 550 hivi za bloku pamoja na orodha ya salio (sarafu zote ambazo bado hazijatumika), ambayo nayo ni gigabaiti kadhaa. Angalieni swichi: ile ya Mbps 100 hupitisha kama megabaiti 11 kwa sekunde, kwa hiyo mnyororo mmoja ni saa 15 au zaidi. Wekeni mashine mbili mbili, si zote 19 kwa pamoja. Mkimaliza, ondoeni mstari wa connect, kwani nodi inayoongea na jirani mmoja tu inaweza kufichwa bloku mpya bila kujua.

Mkitaka kumpelekea mwenzenu wa Gulu kwa diski, izimeni nodi kwanza, kisha nakilini kutoka folda ya blocks mafaili ya blk*.dat pamoja na xor.dat. Hilo la mwisho husahaulika. Tangu toleo 28.0, folda mpya za bloku huchanganywa na ufunguo uliomo ndani ya xor.dat, na bila hilo mafaili yote hayasomeki. Huko aliko aanzishe kwa -reindex, ili mashine yake ijenge orodha ya salio upya. Msinakili folda ya chainstate, yenye orodha hiyo: atakayeipokea atakuwa ameamini hesabu zenu bila kuzikagua. Wala msinakili folda nzima ya Bitcoin, maana pochi zenu zimo humo.

Kuna kitu kimoja ambacho torenti inakifaa sana, nacho ni picha ya salio, yaani nakala ya orodha ya salio ya siku moja, utxo-840000.dat, inayokubaliwa na toleo 28.0. Inaonyesha hali ilivyokuwa kwenye bloku ya 840,000, ile ya Aprili 2024 ambapo zawadi ya wachimbaji ilishuka hadi Bitcoin 3.125 kwa bloku. Heshi ya yaliyomo imeandikwa ndani ya msimbo wa programu, kwa hiyo picha iliyochezewa hukataliwa, hata ikitoka kwa nani. Subirini vichwa vya bloku vipite 840,000, kisha:

bitcoin-cli -rpcclienttimeout=0 loadtxoutset /njia/utxo-840000.dat

Nodi itaanza kazi kutoka hapo, huku nyuma ikiendelea kukagua tangu bloku ya kwanza. Kwa hiyo haipunguzi bando hata kidogo, inapunguza kusubiri. Na faili hilo limepita gigabaiti 4: flashi yenye FAT32 italikataa, ipangeni upya kwa exFAT.

Umeme nao. Ukikatika katikati, nodi hurudia yale ambayo haikuwa imeyaandika diskini. Mwenye dbcache kubwa (sehemu ya RAM inayoshika kazi kabla ya kuandikwa diskini) hurudia mengi. Bila UPS, mwiache kwenye ile ya kawaida.

SWALI: Nikibandika kiungo cha sumaku (magnet) kwenye Transmission, kinakwama kwenye kutafuta metadata. Siku nyingine kinafanya kazi, lakini bando linaisha kabla faili halijaisha. Natumia modemu ya laini ya simu.
Msomaji, Jinja

JIBU: Kiungo cha sumaku hakina orodha ya vipande, kina utambulisho tu, kwa kawaida alama 40. Programu yako lazima kwanza impate mtu mwenye orodha hiyo, kupitia DHT, mtandao wa watumiaji wa torenti wanaotafutana wenyewe, unaotumia UDP, njia mojawapo ya kutuma data. Pale UDP inapozuiwa, utasubiri hadi kesho. Tafuta faili la .torrent lenyewe, au torenti yenye trakari (seva inayoorodhesha wenye faili) ya HTTP.

Laini za simu pia huweka wateja wengi nyuma ya IP moja, kwa hiyo watu wa nje hawawezi kukupigia, yaani kuanzisha muunganisho na wewe. Ni wewe tu unayeweza kuwapigia. Wawili mlio katika hali hiyo mara nyingi hamkutani kabisa. Ndiyo maana kundi la watu wanne wa modemu linaweza kukwama huku kila mmoja ana kipande ambacho mwenzake anakitaka.

Bando linaliwa na upande wa kupakia. Unapopokea unatoa pia, na mtandao wa simu unahesabu vyote, pamoja na ushuru wa asilimia 12 uliowekwa kwenye data Julai 2021. Kwenye mipangilio weka kikomo cha kupakia kilobaiti 20 kwa sekunde, na uamuru torenti isimame ikimalizika. Gawa ukiwa kwenye laini isiyo na kikomo. Na kwa programu ya megabaiti 40 hivi, ikiwa tovuti yake inafunguka kwako, ipakue moja kwa moja. Torenti itakufaa siku tovuti imefungwa.

SWALI: Kugawa programu ya Bitcoin kwa torenti ni kosa hapa Uganda?
Msomaji, Mbale

JIBU: Bitcoin Core iko chini ya leseni ya MIT, inayoruhusu kunakili na kugawa; acha tu maelezo ya leseni yabaki. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 2006 inawahusu wanaogawa kazi za watu bila ruhusa, hata watumie njia gani. Tangazo la Benki Kuu la Aprili 2022 lilielekezwa kwa watoa huduma za malipo wenye leseni, kwamba wasiwe daraja la biashara ya sarafu hizi. Ukianza kubadilishia watu fedha, hilo ni jambo jingine, muone wakili kwanza.