Tope la Ggaba linanuka, ni asidi?

SWALI: Habari za kazi mhariri. Mimi nauza samaki huku Ggaba, kando ya Ziwa Viktoria, siku hizi maji ya ukingoni ni kijani kabisa na ukikanyaga tope linatoa povu na harufu ya mayai viza. Kijana mmoja hapa mwaloni anasema ni asidi, eti bahari zote zinageuka asidi na ziwa letu nalo limeanza. Ni kweli? Afu mbona samaki wanaokufa ni mputa (sangara)? – Nalongo, Ggaba

JIBU: Salama Nalongo. Huyo kijana habari ya bahari anaijua ila kaileta pasipo pake. Harufu hiyo ni ya tope kukosa oksijeni na chanzo chake ni Kampala hii hii. Mtaro wa Nakivubo unashusha kinyesi, sabuni na maji ya viwandani mpaka ghuba ya Murchison hapo kwenu, zamani mafunjo ya kinamasi yalikuwa yanachuja, sa hivi sehemu kubwa watu wamelima mayuni na miwa, wengine wamejenga kabisa. Maji hayo yamejaa naitrojeni na fosforasi, yaani mbolea, mwani unashiba unazaana, ukifa unazama na bakteria wa kwenye tope wanauozesha mpaka oksijeni inaisha. Ikiisha wanashika kazi bakteria wengine wasioihitaji, hao ndo wanaotoa hiyo gesi ya mayai viza. Konokono, kome na minyoo wengi hapo hawakai, na ndo waliokuwa wanachimbachimba tope wakiliingizia hewa, sa wakiondoka hali inazidi kuharibika.

Na kuna jambo watu hawalisemi. Tope lenye oksijeni linaishika fosforasi kwa chuma kilichomo ndani yake, oksijeni ikiisha kile chuma kinaiachia, inarudi majini kulisha mwani upya. Kwa hiyo hata wakiziba mtaro wote kesho asubuhi tope lina akiba ya miaka mingi, ndo maana mtu akiniambia atasafisha ziwa kwa miezi sita mi huwa nacheka tu.

Mputa sasa. Yeye anataka oksijeni nyingi kuliko ngege (sato), na yule samaki mamba (kamongo) hana shida, anapanda kuvuta hewa juu. Upepo mkali ukikoroga ziwa maji ya chini yasiyo na oksijeni yanapanda, mputa anakosa pa kukimbilia. Mwanzoni mwa 2021 walikufa wengi, mitaani ikawa ni sumu, ni sumu, wizara ikasema ni oksijeni kupungua.

Tuje kwenye asidi. Bahari inameza kama robo ya hewa ya ukaa tunayotoa, na tangu viwanda vianze pH yake (kipimo cha asidi, kikishuka ujue asidi imeongezeka) imeshuka toka kama 8.2 mpaka 8.1, unaweza kuona ni kidogo lakini asidi hapo imeongezeka karibu asilimia 30. Wanaoumia ni wenye magamba ya chokaa, hasa chaza na kome wachanga. Pwani yenye maji taka inapigwa mara mbili manake uozo wa kwenye tope nao unatoa hewa ya ukaa, kwa hiyo asidi inatoka juu na inatoka chini. Lakini hapo kwako Ggaba, ukipima maji ya kijani saa saba mchana jua likiwaka, utakuta yamekimbia asidi kabisa, mwani umeshaila hewa ya ukaa yote, pH inaweza kupita 9, usiku ndo inashuka.

SWALI: Kama lile tope lina mbolea, naweza kulichota niweke kwenye bustani yangu ya dodo (mchicha)? – Msomaji, Luzira

JIBU: Hapana ndugu yangu, acha. Mbolea ipo kweli, lakini mtaro ule unapita kwenye gereji na viwanda kabla ya kufika ziwani, na tope lake lina madini mazito kama risasi na zinki, mengine yanaingia kwenye majani unayokula. Tafuta samadi ya ng'ombe, au ya kuku ukiiacha kwanza ioze vizuri.