Mwanangu, kuhusu Nguvu na yule mgeni aliyepaa

Mwanangu mpendwa,

Hapa nyumbani hatujambo. Mwembe umezaa, na mguu wangu umetulia tangu mvua zikatike. Barua yako nimeisoma mara mbili. Unasema mjukuu wangu anakwambia ile Nguvu ya kwenye sinema za Star Wars ndiyo Roho Mtakatifu, na sasa kabla ya mtihani anafumba macho na kuiita. Unaniuliza umkataze au umwache.

Nitakujibu. Ila nilipofika kwenye neno "umkataze" nilikumbuka jambo la mwaka 1988, na siwezi kulipita.

Wewe ulikuwa bado mgongoni, kaka yako ana miaka saba. Tanzania Bara hatukuwa na televisheni wakati ule, lakini mama wa nyumba ya kona, yule ambaye mumewe alikuwa baharia, alikuwa na runinga na deki. Nikamwomba, akakubali. Nikawapeleka watoto wote wa shule ya Jumapili, kumi na wanane, wakajipanga mkekani. Mkanda ulikuwa E.T., sinema ya Steven Spielberg ya 1982. Kiingereza hawakukijua, nikawa nawatafsiria.

Nilidhani nawapeleka kujifurahisha tu. Kumbe! Mgeni wa sayari nyingine ameshuka kutoka juu, amejificha bandani. Mtoto anajikata kidole, mgeni anakigusa kwa ncha ya kidole chake inayowaka, jeraha linafunga. Wakubwa wanamsaka kwa mitambo yao, watoto ndio wanaompokea. Anakufa. Halafu ua lililonyauka linainua kichwa, kifua cha mgeni kinawaka wekundu, na anatoka akiwa amefunikwa shuka jeupe. Mwishoni anamgusa yule mtoto kwenye paji la uso, anamwambia atakuwa hapo hapo. Chombo kinapaa, kinaacha upinde wa mvua angani.

Chumba kizima kimya. Kaka yako akauliza kwa sauti: "Mama, huyu ni Yesu?"

Nikamwambia hapana, si Yesu, lakini aliyetunga hadithi hii amegusa kitu tunachokijua sisi, kwamba anayekupenda anaweza kuondoka na bado akawa nawe. Mpaka leo sioni neno la kufuta hapo.

Alhamisi nikaitwa. Wazee wa kanisa watano mezani. Nikaambiwa nimemfananisha Bwana na chura. Nilipotaka kueleza, nikaambiwa nikae. Na baba yako, Mungu amrehemu, alikuwa mmoja wa wale watano. Alitazama mikono yake mpaka kikao kikaisha. Nikasimamishwa kufundisha miezi sita. Tukarudi nyumbani kwa miguu, mimi na yeye, bila neno. Hilo la chura lilishapoa, mwanangu. Mikono ya baba yako haijapoa.

Na kaka yako hakuuliza tena swali kanisani. Niliwaambia mkiwa wadogo na narudia: swali la mtoto halipigwi kofi.

Lakini nisiwaonee wale wazee. Usiku mwingine nalala nikiwapa haki. Mgeni yule hakumtaka mtu atubu, hakumwambia mtu auze alivyo navyo. Alipendwa, akaenda zake. Tena mdogo wako alinisomea kwenye simu kwamba Spielberg, ambaye ni Myahudi, alipoulizwa habari hizo za Ukristo alijibu kwamba mama yake ana mgahawa wa chakula cha Kiyahudi huko Los Angeles, angemwambiaje? Nilicheka, maana nami ni mama. Basi kaka yako aliona kitu ambacho mwenye sinema anasema hakukiweka. Sasa hapo nani kakosea? Maana bango la sinema hiyo hiyo lina vidole viwili vinavyokaribia kugusana, kama Michelangelo alivyomchora Mungu na Adamu kwenye dari la kanisa kule Vatikani. Hicho hakikujiweka chenyewe.

Hiyo ya mjukuu wangu ni tofauti kidogo. George Lucas mwenyewe, aliyeitunga Star Wars, alieleza mwaka 1999 kwamba aliiweka Nguvu ili kuamsha mambo ya kiroho kwa vijana, wamfikirie Mungu zaidi kuliko dini fulani. Kwa hiyo mtoto hajaota. Ameokota kilichodondoshwa kwa makusudi, na nampenda kwa kukiona.

Kinachonisumbua ni kuiita kabla ya mtihani. Nguvu ile ni kama umeme: mwema anaitumia, mwovu naye anaitumia, kinachotakiwa ni mazoezi. Nguvu unaitumia. Roho ndiye anayekutuma. Haya, nimeshaandika hivyo, na sasa najiuliza mimi mwenyewe: nikiwa kwenye foleni ya daktari na moyo unadunda, naomba vipi? Mara nyingi naomba kama anayebonyeza swichi. Basi nimkemee mtoto kwa nini?

Unataka neno moja, umkataze au usimkataze. Ninalo, na ulimi unaniwasha. Silisemi. Wewe ndiye mama yake, na nimekwisha kuona neno la wakubwa watano linavyomfanya mtoto wa miaka saba. Ila ukimwacha, usimwache peke yake. Kaa naye mkekani mtazame wote, hata kama una kazi.

Na Krismasi mlete. Kaka yako atakuja na kompyuta, tutaiangalia hiyo Star Wars ya mjukuu wangu hapa sebuleni. Mwambie bibi ana swali moja anamsubiria: hiyo Nguvu, ukiikosea, unaiomba msamaha? Nataka nimsikie mwenyewe. Usimwandalie jibu.

Mama yako