Neno "charge": ni deni, ni kesi au ni umeme?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nimeanza kazi ya kutafsiri nyaraka hapa Morogoro. Wiki hii nimeletewa barua ya polisi, bili ya hospitali na maelezo ya betri ya sola, na zote tatu zina neno "charge". Kamusi imenipa maana nyingi hadi nimechanganyikiwa. Nitajuaje ipi ni ipi?

JIBU: Marahaba. Shika kwanza asili ya neno lenyewe. Linatokana na "carricare" ya Kilatini, yaani kupakia mzigo kwenye gari la kukokotwa, likapitia Kifaransa hadi Kiingereza. Gari letu la Kiswahili si ndugu yake, hilo tumelipata Bara Hindi. Mzigo ule bado umo ndani ya neno. Mshtakiwa ametwishwa kosa, mteja ametwishwa malipo, msimamizi ametwishwa dhamana. Hata simu yako imo humo. Benjamin Franklin, alipoandika juu ya majaribio yake ya umeme miaka ya 1740, aliazima maneno ya mizinga: "charge" ni baruti inayoshindiliwa kwenye mtutu, na "battery" ni mizinga iliyopangwa pamoja.

Kwa hiyo kila unapokutana nalo, tafuta nani katwishwa nini. Jibu mara nyingi liko kwenye neno linalofuata. Likifuatwa na "with", mtu ameshtakiwa. Likifuatwa na "for", kuna anayetozwa. Likiwa na "at", nyati amemjia mtu mbio.

Mtego mkubwa ni "in charge". Muuguzi aliye "in charge of the child" ndiye anayemlea mtoto. Lakini mtoto aliye "in the charge of" muuguzi ndiye anayelelewa. Kijineno "the" kimegeuza kila kitu. Nimewahi kusahihisha hati ya malezi ambamo mtoto wa miaka minne alikuwa amefanywa mlezi wa shangazi yake. Na ukikuta "her charges" katika taarifa ya kituo cha watoto, ni watoto anaowatunza huyo mama, si mashtaka yake.

Kwa vyeo, usibuni. Tunavyo tayari: kituo cha polisi kina Mkuu wa Kituo, zahanati ina Mganga Mfawidhi, mahakama ina Hakimu Mfawidhi. Ukiandika "afisa anayehusika", msomaji hatajua amfuate nani.

Barua ya polisi ndiyo ya kuisoma mara tatu. "Charged" si kukamatwa, si kushukiwa, wala si kutiwa hatiani. Kabla ya mashtaka mtu ni mtuhumiwa. Akishafunguliwa mashtaka ndipo anakuwa mshtakiwa, na karatasi yenyewe ni hati ya mashtaka. Tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2021 na Kiswahili kuwa lugha ya mahakama zetu, mwenye kesi anasoma mwenyewe tunachoandika. Neno moja likipotoka hapo, linamuumiza mtu.

Bili ni rahisi zaidi. "Charges" za hospitali ni gharama, za benki ni makato, na "free of charge" ni bila malipo. Neno tozo liache kwa yale yanayodaiwa na serikali, maana ndivyo watu wanavyolisikia.

Kwenye betri andika kuchaji na chaji bila kuona haya. Fundi wa sola atakuelewa, na kiwango cha chaji kinatosha kwa "state of charge".

Umeniuliza "charge", lakini katika nyaraka hizohizo utamkuta "discharge", mzigo ukishushwa, na huyo ni mgumu kuliko mwenzake. Mgonjwa ameruhusiwa kurudi nyumbani. Kidonda kinatoa usaha. Betri imepungua chaji. Mahakamani, mtu aliyekuwa "discharged" ameachiwa, lakini mara nyingi anaweza kushtakiwa tena kwa kosa lilelile. Aliyeonekana hana hatia ni yule aliyekuwa "acquitted". Kama barua yako ina neno la kwanza, andika "ameachiwa", na usiongeze "huru" wala "hana hatia" mahali ambapo polisi hawakuandika hivyo.