ULIZA ANTI: Siri ya baba imejulikana sura ya pili, nifanyeje?

Swali: Shikamoo Anti. Niko Ujiji hapa Kigoma, naandika riwaya ya kusisimua, ni ya binti mmoja mama yake kafariki, haujapita hata mwaka baba yake mwenye mitumbwi pale Kibirizi anasema anaoa. Binti anachimba chimba anagundua baba alikuwa na mwanamke Kalemie ng'ambo ya ziwa tangu mama yuko hai, wana na mtoto, na huyo huyo ndo analetwa nyumbani eti mchumba mpya. Nimempa mdogo wangu asome, kafika sura ya pili ananiambia dada mi nshajua, mama wa kambo ndo mbaya. Nimeishiwa nguvu Anti, hii siri niifiche vipi?

Jibu: Marahaba mwanangu. Usiiache hio kazi, kisa unacho na ni kizuri sana. Mdogo wako siri hajaijua, kajua tu nani umempanga awe mbaya. Mama wa kambo akiingia ananuna na kugonga masufuria, sisi tunamjua huyo tangu hadithi za bibi, hakuna wa kumshangaa. Mfanye mtu. Apike migebuka mitamu kuliko ya marehemu, binti ale amalize halafu roho imuume kwamba amekula akashiba.

Sasa siri yenyewe. Kwenye familia zetu siri haiwi ya mtu mmoja, watu wazima wote wanajua isipokuwa watoto wa nyumba ile, shangazi anajua, jirani anajua, vijana wa mtumbwini ndo kabisa maana walikuwa wanavuka nae. Kwaio habari ya Kalemie mwachie msomaji aijue mapema tu, wala usiogope. Cha kuficha ni kwamba marehemu mama alijua au hakujua, na kama alijua alinyamazia nini miaka yote hio. Hapo ndo mtu atasoma mpaka usiku wa manane.

Na dalili ziweke wazi kabisa machoni. We ni mtu wa Kigoma, unajua dagaa wanavuliwa usiku wa giza kwa taa, mwezi ukiwa mkubwa hawakusanyiki kwenye mwanga na wavuvi wanabaki nchi kavu wanashona nyavu. Basi sura ya kwanza binti akumbuke kwa raha jinsi alivyokuwa akimsindikiza baba kwenda "kuvua", ufukwe mweupe kwa mbalamwezi. Msomaji wa Katonga, huko kwa wavuvi wa Kigoma, atashtuka palepale, wa Dar atapita tu, halafu binti akija kuelewa mwenyewe huko mbele yule wa Dar atarudi kufunua kurasa za mwanzo, na nakwambia atarudi.

Unahitaji pia saa inayogonga, yaani muda unaoisha huku msomaji anahesabu. Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka wanaotaka kuoana watoe taarifa angalau siku 21 kabla, na mwenye pingamizi anaweza kulipeleka. Hizo siku 21 ndo riwaya yako. Ila mtoto wa nje sio pingamizi, binti akienda na hasira tu watamrudisha. Labda agundue huyo mama ana mume yuko hai kule, maana mwanamke aliye kwenye ndoa haruhusiwi kuolewa na mwingine. Sasa atalipeleka pingamizi, wakati anajua kuna mdogo wake wa damu anasubiri kuletwa kwa baba? Mi mwenyewe nataka kujua.

Swali: Anti, mi wa Isevya, Tabora. Yangu ni ya kweli, ya nyumbani kwetu, mama kaolewa tena. Niandike?

Jibu: Andika, lakini badili mtaa, kazi za watu na idadi ya watoto, sio majina tu, Tabora mnajuana. Halafu kabla hujampa mtu mwingine yeyote mpe mama asome, na akikwambia kipande fulani kitoe, kitoe.