Boti ikipanda yadi, iweke levo kabla ya masika

Nilipandisha boti yangu ya tanga, kadogo tu ka futi 24, kwenye yadi moja huku Kunduchi, mkuku (uti wa chini kabisa wa boti) ukakaa juu ya magogo, pembeni stendi nne za chuma, nikaiangalia kwa mbali nikaona iko poa nikaenda zangu. Ilikuwa Februari. Mvua za Aprili za Dar mnazijua, narudi baada ya wiki tano hivi nakuta pale tunapokaa, kona ya kushoto karibu na mlango wa kushukia ndani, pana dimbwi, majani ya mwembe yamejaa na viluwiluwi vinacheza humo raha mustarehe. Mimi dengi ya 2019 ilinilaza kitandani siku tisa, kwa hiyo viluwiluwi sina utani navyo. Maji yalishapenya mpaka ndani, plaiwudi imevimba kama andazi.

Kumbe tundu la kutolea maji liko nyuma kabisa, na boti imeinamia mbele halafu imelalia kushoto. Stendi moja ilizama mchangani, basi.

Nikachukua pima maji nikaiweka kwenye sakafu ya ndani. Mzee mmoja anayetengeneza mashua hapo jirani akacheka, "Sasa mwanangu, hapo unapima sakafu au unapima chombo?" Na kweli, sakafu na deki za boti nyingi zimepindishwa makusudi, zitakudanganya. Pima mstari wa maji uliopakwa nje ubavuni. Chukua paipu nyembamba inayoonyesha, ile ya mafundi ujenzi, jaza maji, toa mapovu yote (hapa ndipo wengi wanachemka), ncha moja mshikaji wako aishike kwenye mstari ubavu huu, nyingine wewe ubavu wa pili. Kwenye yangu, maji ya paipu na mstari vilipishana vidole vitatu! Halafu pima omo (mbele) na shetri (nyuma) hivyo hivyo. Ila angalia na alama ya mwani kwanza, maana kuna watu wanapaka mstari kwa macho, na mwani haudanganyi maji yalifika wapi.

Kurekebisha sasa, taratibu bana. Uzito unabebwa na mkuku, stendi zinazuia tu isianguke, kwa hiyo kama unainua mbele tumia jeki ya lori chini ya mkuku na ubao mnene katikati, usijaribu kuinua kwa stendi utatoboa ubavu. Kuegemea pembeni, legeza robo mzunguko upande mmoja, kaza robo upande wa pili, nenda hivyo hivyo, na usitoe stendi hata moja, na asiwepo mtu juu, hata yule anayesema anachukua simu yake tu. Chini ya kila mguu weka kipande cha plaiwudi nene. Stendi za kushoto na kulia zifunge pamoja kwa cheni. Turubai usilifunge kwenye stendi jamani, kusi ikivuma inavuta turubai na stendi inafuata.

Mimi niliacha pua juu kidogo. Ukimaliza mwaga ndoo moja pale mnapokaa uangalie inakoelekea, yangu iliisha yote kabla sijashuka ngazi.

Siku hizi mlinzi wa yadi nampa hela ya chai, mvua kubwa ikikatika ananitumia picha ya lile tundu WhatsApp.