Kufumua injini ya Subaru bandani kwako: maswali yenu na majibu

Maswali mengi niliyoyapokea safari hii yanahusu injini moja: EJ20 ya Subaru, ile ya lita 2 yenye tabo (turbo, inayosukumia injini hewa) inayokaa kwenye Impreza WRX, Forester na Legacy. Mimi nazifumua kwenye banda la mabati nyuma ya nyumba yangu Mbezi, kwa hiyo nitajibu kwa yale niliyoyashika kwa mkono, pamoja na niliyoyaharibu.

Fundi, shikamoo. Forester yangu ya tabo imenoki. Mafundi wawili wameniambia Subaru ni injini dhaifu, nisihangaike nayo, nikanunue ya mtumba kutoka Japani. Nifumue au nibadilishe? (Msomaji, Arusha)

Marahaba. Hilo la udhaifu nilimalize kwanza. Januari 1989, Legacy yenye injini ya familia hii ilizungushwa kwenye uwanja wa majaribio Arizona, Marekani, kilomita 100,000 kwa wastani wa kilomita 223.345 kwa saa. Impreza imeshinda Safari Rally ya ubingwa wa dunia mara mbili: 1997 ikiwa mikononi mwa Colin McRae, na 2000 kwa Richard Burns. Kweli, yale yalikuwa magari ya kiwanda na si Forester ya kupeleka watoto shule, lakini ukoo ni huohuo. Nyingi ninazofungua zimekufa kwa kiu. Tabo inakula oili kidogo kidogo, mwenye gari hachomoi kijiti cha kupimia oili hadi siku ya sevisi, na sampu (bakuli la oili chini ya injini) ikibaki na lita mbili na nusu, kona moja kali inatosha kuzinyima beringi oili.

Sasa uamuzi. Vua sampu, fungua bloku (mwili wa injini), toa krenki (shafti kuu inayozungushwa na pistoni). Pitisha ukucha kwenye shingo zake. Ukucha ukiteleza, una injini. Ukikwama, ipeleke kwa mchongaji wa injini aipime. Beringi za saizi ya kupunguza zipo, na krenki nyingi zinaokolewa. Konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krenki) ikiwa imetoboa bloku, usipoteze muda, tafuta bloku nyingine.

Ya mtumba siipingi, ila usiuziwe mbuzi kwenye gunia. Mwambie muuzaji akuruhusu upime kompresheni kwenye silinda zote nne na ukate filta ya oili uone ndani. Ukiona vumbi linalong'aa kama la kucha za harusi, rudisha pesa mfukoni. Akikataa kukuruhusu, ameshakujibu.

Banda langu lina sakafu ya udongo, na bahari iko mita mia tatu. Nifunge injini humo? (Msomaji, Nyali, Mombasa)

Kufumua, fumua. Kufunga, la, mpaka umwage zege au angalau utandike turubai na kuta uzizibe. Mimi humwagia sakafu maji, nasubiri itulie, ndipo nafungua mfuko wa beringi. Feni haiwashwi siku hiyo hata nikitoka jasho la aina gani.

La bahari ndilo watu hulisahau. Silinda iliyotoka kuchongwa ni chuma kitupu, na hewa ya Pwani hailali. Niliwahi kuiacha bloku wazi usiku mmoja tu. Asubuhi nikaikuta na kutu ya rangi ya chai ya maziwa kuanzia juu hadi chini. Ikishatoka kwa mchongaji na kuoshwa, paka oili mpya kwa kitambaa, ivishe mfuko mzito wa nailoni, ufunge kwa kamba. Hata kama unarudi baada ya chakula cha mchana.

Kipi nifanye mwenyewe na kipi nipeleke karakana? Sitaki kulipa watu wawili kwa kazi moja. (Msomaji, Kariobangi, Nairobi)

Wewe uko jirani na wachongaji, una bahati. Kuchonga na kuhoni silinda (kuisugua ndani kwa jiwe), kunyoosha uso wa hedi (kichwa kinachofunika silinda), kusaga krenki na kuilinganisha uzito: hizo za karakana. Hakuna ujanja wa msasa na kioo utakaokupa uso wa hedi usiopinda zaidi ya 0.05 mm. Muulize mchongaji kama ana sahani ya kufunga juu ya bloku wakati wa kuhoni. Bloku ya Subaru ni ya aluminiamu yenye slivu (mabomba) za chuma ndani ya silinda, na hedi ikikazwa silinda hujinyonga kidogo. Ikihoniwa bila sahani, itakuwa duara kwenye meza yake na yai kwenye gari lako. Akikutazama kama umemtukana, nenda mlango wa pili.

Yako wewe ni kupima, kuosha na kufunga. Kununua mikromita ya maana kunauma mara moja tu. Kitabu cha Subaru kinataka nafasi ya oili kwenye beringi kuu iwe kati ya 0.010 na 0.030 mm, na unywele wa kichwani mwako ni mnene kuliko hapo. Usipokee "iko sawa" ya mdomo. Pima mwenyewe bloku ikiwa imekazwa kwa spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza), andika kwa kalamu, beringi baada ya beringi. EJ20 ina beringi kuu 5.

Kuosha nako kuna elimu yake. Watu huosha silinda kwa petroli, ikakauka ikang'aa, wakaridhika. Petroli inaondoa oili lakini unga wa jiwe la kuhonia inauacha umejificha kwenye mikwaruzo. Tumia maji ya moto na sabuni ya kufulia, brashi ngumu, sugua mpaka mkono uchoke. Kausha, paka oili kidogo, kisha futa kwa kitambaa cheupe. Kikitoka na kijivu, rudi kwenye beseni. Mimi hurudi mara nne, wakati mwingine tano. Mashimo ya oili yasukume kwa brashi nyembamba na upepo wa kompresa, na usisahau vizibo vya njia za oili. Nyuma yake ndiko takataka zinakolala.

Kuna jambo moja la injini hii ambalo fundi wa Toyota litamshangaza. Bloku ni nusu mbili zinazoikumbatia krenki. Konrodi zinafungwa kwanza, nusu zinaunganishwa, halafu pistoni zinaingizwa kutoka upande wa hedi na pini zake kusukumwa kupitia matundu yaliyo mbele na nyuma ya bloku. Kisha unatia klipu ya pini kwa koleo la mdomo mrefu, ukichungulia tunduni kwa tochi. Klipu hiyo ina tabia ya panzi. Ziba kila uwazi kwa kitambaa kisafi kabla hujaisogeza, na hesabu klipu kabla na baada. Mwaka ule nilipohesabu saba badala ya nane, nilifungua bloku nzima tena, silikoni yake ikiwa haijakauka. Klipu nikaikuta kwenye mkunjo wa suruali yangu.

Na hiyo silikoni: uzi mwembamba tu. Inayofinyika kuingia ndani ndiyo inayokwenda kuziba wavu wa kunyonyea oili.

Nilifumua, nikaweka beringi mpya za kampuni ya maana, krenki imechongwa vizuri. Baada ya wiki tatu imenoki tena, beringi ileile. Nimerogwa? (Msomaji, Mwanza)

Pole sana, ndugu yangu. Hujarogwa. Naomba unijibu jambo moja: kipoza-oili ulikibadilisha?

Kile kidude cha duara kinachokaa kati ya filta na bloku kwenye magari ya tabo, kinachopitisha maji upande mmoja na oili upande wa pili. Beringi ikisagika, unga wake unakwenda na oili mpaka humo na kujipanga kwenye vijia vyembamba. Ukikiosha kwa petroli kitatoa maji meusi, halafu meupe, utasema kimetakata. Hakijatakata. Kikipata oili ya moto yenye presha kinaanza kutema, na njia kutoka hapo kwenda kwenye beringi ni fupi mno.

Najua kwa sababu nilifanya hivyohivyo kwenye gari langu la kwanza. Nilioshea kwenye ndoo, nikapuliza, nikafunga. Ilikwenda kilomita 400 na kidogo. Nilipokuwa napanda mlima mdogo karibu na nyumbani nikasikia tok, tok, tok, polepole kama mtu anayebisha hodi na hana haraka. Nilizima hapohapo na kukaa ndani ya gari kitambo kirefu.

Kwa hiyo, injini ikinoki, haya yanakwenda kwenye chuma chakavu bila mjadala: kipoza-oili na filta. Pampu ya oili badilisha. Kama fedha imebana, ifungue uone kama ndani imekwaruzika, ikiwa na alama itupe. Bomba la kunyonyea oili kwenye sampu lina sifa ya kupasuka kwenye maungio yake, nunua lililoimarishwa. Tabo ifunguliwe na kukaguliwa. Kwenye bolti ya bomba linalopeleka oili kwenye tabo, matoleo mengi yana kichujio kidogo cha wavu. Kikiziba, tabo inafuata beringi kaburini. Orodha hii inauma kuliko bei ya beringi zenyewe, naelewa. Lakini kabla hujanunua chochote, tafuta kwanza kilichoiua mara ya kwanza. Hujaniambia hilo kwenye barua yako, na ninaogopa ni kwa sababu hukulitafuta.

Nimenunua pistoni za kufuliwa (forged). Muuzaji anasema ringi zinakuja tayari, ni kuchomeka tu. Kweli? (Msomaji, Tabata, Dar es Salaam)

Si kweli, na hapa ndipo pistoni nzuri zinapovunjiwa. Ringi (pete ya pistoni) ya juu ikipata moto inarefuka. Ncha zake mbili zikigusana haina pa kwenda, inakwama kwenye silinda na kung'oa ukingo wa pistoni. Kwa gari la tabo la mtaani, kanuni ya kuanzia ni kuzidisha kipenyo cha silinda kwa 0.005. EJ20 ina kipenyo cha 92 mm, kwa hiyo 92 mara 0.005 ni 0.46 mm. Karatasi iliyokuja na pistoni ikitaja namba nyingine, fuata karatasi, wao ndio walioitengeneza.

Ingiza ringi peke yake kwenye silinda, isukume kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawa, pima mwanya kwa filageji (vibati vyembamba vya kupimia nafasi). Ukiwa mdogo, piga tupa ncha moja tu, ukivuta kutoka nje kwenda ndani, misuguano miwili mitatu, pima tena. Kila ringi na silinda yake, usizichanganye. Kazi hii inanichukua jioni nzima na redio.

Jiandae pia kwa kelele. Pistoni za kufuliwa zinatanuka zaidi ya za kiwandani, kwa hiyo silinda inachongwa kwa nafasi kubwa kidogo na asubuhi injini ikiwa baridi utasikia inagonga kama cherehani. Ikipata moto inanyamaza. Kama aliyechonga silinda yako hakuziona pistoni zenyewe na kuzipima, mrudishie.

Na petroli: injini za soko la Japani zilipangwa kwa petroli yao ya daraja la juu, ambayo huwa oktani 100 hivi. Tia ya juu kabisa unayoipata, na usiongeze presha ya tabo kabla mtu mwenye vifaa hajairekebisha kompyuta. Pistoni za asili zilivunjika ukingo kwa mafuta kulipuka kabla ya wakati. Za kufuliwa zinavumilia zaidi, ila hazivumilii kila kitu.

Nataka kuning'iniza cheni bloku kwenye boriti ya paa la banda. Itabeba? (Msomaji, Morogoro)

Usithubutu. Injini na tabo yake ni zaidi ya kilo 100, na paa lako lilijengwa kubeba mabati. Chomelea miguu mitatu ya bomba zito, au azima winchi ya gereji kwa siku moja.

Assalaam alaykum. Mimi niko Muscat, nina Nissan Patrol ya TB48. Haya ya Subaru yananihusu? (Msomaji, Oman)

Waalaykum salaam. Kupima, kuosha, mwanya wa ringi: yote yanakuhusu. Umebahatika bloku ya chuma na silinda 6 zilizosimama wima, bolti zote unaziona. Adui wako ni mchanga. Kabla ya pistoni, tazama boksi la filta ya hewa na kila bomba kutoka hapo hadi kwenye injini.

Nimemaliza kufunga, naogopa kuwasha. Nianze vipi? (Msomaji, Thika)

Kuogopa ni dalili nzuri. Zungusha krenki kwa mkono mizunguko miwili kamili kwanza, alama za taimingi kwenye gia za krenki na kemshafti (shafti zinazofungua valvu) zirudi mahali pake. Ukikutana na kizuizi kigumu, simama, maana valvu na pistoni za injini hii zinagongana. Jaza filta oili. Chomoa plagi za moto zote nne, chomoa na soketi ya sensa ya krenki ili kompyuta isitoe cheche wala mafuta, halafu piga starta sekunde 10, pumzisha, rudia hadi taa ya oili izimike. Hapo ndipo urudishe vitu na kuwasha.

Ikiwaka usiiache isinzie kwenye sailensa (bila kukanyaga mafuta) nusu saa. Kagua uvujaji, toa hewa kwenye maji pua ya gari ikiwa imeinuliwa, kisha ingia barabarani. Gia ya tatu, kanyaga kiasi kutoka mizunguko 2,500 hadi 4,500, achia irudi yenyewe, rudia. Ringi hukaa kwa kusukumwa. Oili ya kawaida ya madini, imwage baada ya siku hiyo ya kwanza, tena kilomita 500, na kila filta uikate utazame. Unga kidogo mara ya kwanza ni kawaida. Mara ya pili, usiwepo.

Fundi, mume wangu amechukua beseni langu la kufulia na sabuni ya unga ya mwezi mzima, anaoshea bloku. Anasema wewe ndiye uliyemwambia. (Msomaji, Kimara)

Ni kweli, dada, nilimwambia mwaka jana na leo nimerudia. Sabuni akununulie nyingine, mbili. Beseni muachie moja kwa moja, lisirudi kwenye nguo za watoto wala vyombo. Oili iliyotumika si kitu cha kukaa nacho karibu na ngozi. Na mwambie asimwage maji yale mtaroni. Oili chafu aiweke kwenye dumu na kuipeleka gereji inayokusanya.

Kitambaa cheupe kikitoka cheupe, atakuwa amemaliza. Kabla ya hapo usimruhusu aingie kula.